Laptopu ya Ghorofa Mbili

Ndugu zangu, nchi ya Tuendelee msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Ramani zilizopo zilichorwa kabla nchi hiyo haijaendelea, na sasa imeendelea kiasi kwamba wenyeji wakitoka asubuhi kwenda kazini inabidi waulize njia. Ni nchi nzuri. Mimi siku zote nasema ni nzuri, na hakuna mtu aliyenituma niseme hivyo.

Basi katika nchi hiyo alikuwapo binti mmoja, Sikudhani, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa usanifu majengo. Mama yake, Bi. Mwamvita, aliuza nyanya kwenye soko la Kwa Mapande, soko lililokuwa na kila kitu isipokuwa paa. Lilikuwa na ofisi ya ushuru. Lilikuwa na mwenyekiti, makamu mwenyekiti na mwenyekiti mstaafu. Lilikuwa hata na siku yake maalumu ya maadhimisho, yenye fulana. Paa tu ndilo lilikuwa bado kwenye mchakato, na mchakato ulikuwa unaingia mwaka wa kumi na tatu. Mvua ikinyesha, akina mama wananyeshewa, nyanya zinanyeshewa, na mwenyekiti anatoa kichwa dirishani kuwapa pole.

Sasa kila mwaka Jiji huchagua mchoro mmoja wa mwanafunzi na kuujenga kweli kweli, kwa tofali na saruji. Sikudhani akaapa kwamba safari hii utakuwa wa kwake. Alikwishalichora soko la Kwa Mapande kwenye karatasi: ghorofa mbili, chini mboga na matunda, juu nguo na vyombo, na paa pana lililotokeza pande zote, lisilopitisha hata tone. Kilichobaki ni kulijenga kwenye kompyuta, lionekane nje na ndani, na kuliwasilisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Ikipita dakika moja, Kwa Mapande itasubiri mwaka mwingine.

Kompyuta aliyokuwa nayo aliirithi kwa mjomba wake mhasibu, na kwa kuandika barua ilikuwa haina mpinzani. Alipoingiza nguzo ya kwanza ya soko, ikaganda. Alipoingiza ya pili, ikazima. Haikuwaka tena, na zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Nunua nyingine," Bi. Mwamvita akasema. "Zile nilizoweka za kutengeneza meno, chukua."

"Mama, na meno je?"

"Nina ya kutafunia ya kutosha. Au unataka nitafune vizuri huku nalowa?"

*

Makame muuza laptopu alikuwa mtu wa ajabu katika biashara ile: alikuwa hapendi kuuza. Mteja akiingia na kusema "nipe ile inayong'aa", Makame anamwambia imeisha, hata kama iko mbele yake.

"Unataka ya kufanyia nini, dada?" akamuuliza Sikudhani.

"Usanifu majengo. Nina soko zima la kuingiza, na muda sina."

"Basi kaa. Ya kwako hainunuliwi mtu akiwa amesimama."

Akaweka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya fedha, nyembamba, ya kupendeza mno. "Hii wanayo waheshimiwa wote," akasema Makame.

"Inafanya nini?"

"Inafunguka vizuri sana."

Ya pili ilikuwa ya wacheza gemu, taa nyekundu na za kijani zinakimbizana kwenye vitufe. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imeshatumika huko ng'ambo, imekwanguka kona moja, haina hata kitu kimoja cha kumfanya jirani aulize umeinunua wapi.

Sikudhani hakuangalia sura. Alitoa flashi yake yenye vipande vya soko alivyochora chuoni akavifungua katika kila mashine. Ile ya fedha ikaonyesha sakafu, ikafikiri, ikaonyesha nguzo mbili, ikafikiri tena, na chini ikapata moto wa kutosha kupasi sare ya shule. Ile ya taa ilikuwa na nguvu, haikusitasita, lakini kioo chake kilikuwa kinadanganya rangi. Paa la kahawia likatokea la waridi.

"Fundi akifuata rangi hii," Sikudhani akasema, "mama atauza nyanya kwenye saluni."

Kwenye ile nyeusi soko likasimama lote. Akalizungusha, likazunguka bila kukwama. Akaingia ndani, akapanda ngazi, akatazama juu, akaliona paa. Hapo moyo ukamwenda mbio, kwa maana hakuwahi kuliona paa lile kutokea chini, mahali ambapo mama yake angekaa. Feni ya mashine ikaanza kunguruma.

"Mbona inapiga kelele hivi?"

"Inafanya kazi," akasema Makame. "Hizo nyingine ziko kimya kwa sababu hazifanyi. Hii ina kadi yake yenyewe ya picha, ina kumbukumbu ya kutosha, na ikielemewa unaongeza nyingine, nafasi yake nimeiona kwa macho yangu. Haina urembo. Ukitaka urembo vaa hereni."

"Naichukua hii."

"Umechagua vizuri." Makame akafunga mlango wa duka, akashusha sauti. "Sasa kibali chako cha ujenzi kiko wapi?"

*

Hapo inabidi niwaeleze, maana nyie mnatoka nchi za nyuma. Miaka kumi iliyopita mheshimiwa mmoja alitembelea chuo, akaona kwenye vioo vya wanafunzi maghorofa marefu, hospitali, viwanja vya mpira. Akauliza kwa ukali: "Majengo yote haya ameidhinisha nani?" Wiki haikuisha, sheria ikapita bungeni kwa makofi, kwa kuwa ilisomwa mara tu baada ya chakula cha mchana. Ikasema: jengo lililojengwa ndani ya mashine ni jengo, na mashine iliyolibeba ni eneo la ujenzi. Ikaundwa Mamlaka ya Majengo Mashineni, kwa kifupi MAMAMA, ikajengewa makao makuu yenye ukumbi wa marumaru ambao ungeweza kuchezewa mpira, kama mpira usingekuwa marufuku humo.

Aliyeongoza Mamlaka alikuwa Kaimu Mkurugenzi Pazi Mwinyikondo. Alikuwa amekaimu miaka tisa, kwa ustadi mkubwa hivi kwamba hakuna aliyethubutu kumharibia kwa kumpa cheo chenyewe.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema Sikudhani.

"Marahaba. Weka eneo la ujenzi hapo mezani."

Sikudhani akaiweka laptopu ya Makame, aliyopewa kwa ajili ya ukaguzi. Pazi akatoa futi kamba, akapima urefu, akapima upana, akainama akapima unene, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Jengo ni la ghorofa ngapi?"

"Mbili, mheshimiwa."

"Na paa?"

"Lipo. Paa ndiyo sababu yenyewe."

"Binti yangu, sheria iko wazi. Kila ghorofa hubebwa na sentimita moja na nusu ya mashine. Ghorofa mbili ni sentimita tatu. Paa ni sentimita moja. Jumla nne. Mashine yako ina mbili na nusu. Ukiingiza soko humu litatokeza chini, lipasue meza. Watu watakufa!"

"Watu gani, mheshimiwa?"

"Ndiyo maana tunazuia mapema, ili tusije tukawajua."

"Lakini nimeshalijaribu dukani, likaingia lote..."

Pazi akanyanyua mkono. "Hilo sikulisikia, kwa faida yako. Chukua mashine ya unene wa sentimita nne."

"Hakuna laptopu ya unene huo duniani kote."

"Basi dunia haijazingatia usalama," akasema Pazi, akagonga muhuri kwenye karatasi tupu, kwa mazoea.

Sikudhani akatoka na mashine kifuani, machozi yanalengalenga. Siku nne zilikuwa zimeshapotea kwenye foleni. Kwenye ngazi za makao makuu, nje tu ya geti, akasikia mtu anamwita: "Dada! Sentimita ngapi wamekudai?"

Alikuwa fundi viatu, Fundi Chande, amekaa na gundi yake, nyundo yake na matairi ya gari yaliyokatwa vipande. Mbele yake laptopu sita zilikuwa zimelazwa kifudifudi kwenye foleni.

"Nne," akasema Sikudhani. "Ninazo mbili na nusu."

"Aa, hiyo ndogo! Juzi kijana mmoja alikuja na mnara wa ghorofa kumi na mbili. Niliweka matairi mpaka nikamwambia sasa tafuta mkokoteni." Akaigeuza laptopu, akaipapasa kwa heshima. "Lakini matundu ya hewa sizibi. Huyu mnyama anapumua kwa chini. Nitakukatia soli yenye madirisha."

Baada ya saa moja laptopu nyeusi ilikuwa na soli ya tairi, imeshonwa pembeni kwa uzi mweupe. Pazi akapima tena. Sentimita nne kamili. Akapiga muhuri, safari hii kwenye karatasi yenye maandishi.

"Unaona?" akasema kwa furaha ya kweli. "Kumbe mkifuata taratibu hakuna tatizo."

*

Msidhani kibali ndiyo mwisho. Eneo la ujenzi lina masharti yake, na chuoni masharti yalifuatwa. Maktaba ilikuwa na uzio wa mabati kuzunguka meza za wasanifu. Kila mmoja alivaa kofia ngumu kabla ya kugusa kitufe. Kwenye mfuniko wa kila laptopu kulikuwa na bango dogo, na la Sikudhani lilisomeka: MRADI: SOKO. MJENZI: SIKUDHANI. MFADHILI: MENO YA MAMA. Na kwa kuwa sheria ilitaka wajenzi wapate chakula, mama lishe mmoja alipangiwa nafasi kwenye rafu za vitabu vya historia, akapika ubwabwa na maharage kila siku saa saba. Hilo sharti hakuna mwanafunzi aliyelilalamikia.

Sikudhani akafanya kazi kama hana mwili. Siku kumi akajenga nguzo, ngazi, mifereji ya maji, meza za saruji zilizoinama kidogo ili maji ya kuoshea mboga yatiririke. Akaweka na watu, maana mchoro wa jengo bila watu unatisha: vivuli vya kijivu arobaini na nane, wengine na vikapu, mmoja amebeba mtoto. Mashine ikanguruma, ikafanya kazi, haikuganda hata mara moja. Jumatano akaiachia mashine ipike zile picha kubwa za mwisho, za kuonyesha soko nje na ndani kama limekwisha kujengwa. Hesabu ya mashine yenyewe ilisema zitaiva Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi. Akafurahi mpaka akamkumbatia mama lishe.

Jumatano hiyohiyo saa nane wakaja wakaguzi wa MAMAMA na ndoo ya rangi nyekundu. Wakapima kutoka kwenye laptopu mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka barabarani. Wakaandika. Kisha mmoja akachovya brashi akachora X kubwa juu ya mfuniko, na chini yake: BOMOA.

"Kwa nini?" Sikudhani akapiga kelele, maktaba nzima ikageuka.

"Soko lako liko ndani ya hifadhi ya barabara. Mita kumi na moja tu."

"Basi naisogeza meza!"

"Jengo halisogezwi, dada. Wewe ni msanifu, unalijua hilo."

"Basi nalinakili kwenye flashi."

"Kunakili jengo ni wizi wa jengo. Greda litakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Ondoa vitu vyako vya thamani."

Saa nne, na picha zinaiva saa tano na nusu. Sikudhani akakaa chini palepale kando ya uzio wa mabati, akaliona paa linaondoka, akamuona mama yake amejikunyata chini ya mvua mwaka wa kumi na nne. Alilia, tena kwa sauti. Mama lishe akamletea chai, akamwambia neno ambalo wasomi wote mle ndani halikuwajia.

"Mwanangu, mimi kibanda changu cha kwanza kilibomolewa. Cha pili kilibomolewa. Cha tatu kilifunguliwa na diwani kwa kukata utepe. Kipo mpaka leo. Katika nchi hii kitu kilichofunguliwa na mkubwa hakibomolewi, mkubwa ataonekana alifungua nini?"

Sikudhani akafuta machozi. Akachukua karatasi, akamwandikia Waziri wa Ujenzi barua ya mistari miwili: kwamba soko la ghorofa mbili limekamilika, na wananchi wanamsubiri yeye tu.

Jibu lilirudi baada ya dakika ishirini. Ndilo jibu la haraka zaidi katika kumbukumbu za serikali ya Tuendelee.

*

Ijumaa saa tatu na nusu maktaba ilikuwa imejaa bendi, zulia jekundu, na ngoma mbili za asili ambazo wenye asili hiyo hawakuzitambua. Nje greda lilikuwa limeshafika, dereva anaitazama saa yake mkononi, anasubiri ifike nne. Waziri akaingia, akaoneshwa laptopu. Utepe ulikuwa umefungwa kuizunguka. Juu ya ile X lilikuwa limegundishwa jiwe la ufunguzi, jembamba, kazi ya Fundi Chande.

"Ndugu wananchi!" akaanza Waziri. "Walikuwepo waliosema soko hili halitajengwa. Leo wako wapi? Nauliza, wako wapi?"

Watu wakatazamana, wakaanza kuwatafuta.

"Hili ni soko la kisasa! Halichukui eneo! Halitoi takataka! Na tazameni," akainama kwenye kioo, "wananchi wameshaingia!" Akavipungia mkono vile vivuli arobaini na nane. Havikumjibu. "Wana nidhamu sana watu wa eneo hili," akamnong'oneza Pazi.

Feni ikanguruma kwa nguvu. Waziri akashtuka. "Sauti gani hiyo?"

"Biashara, mheshimiwa," akasema Pazi bila kupepesa. "Soko limeshachangamka."

Mkasi ukakata utepe. Dereva wa greda akazima injini, akapiga makofi pamoja na wengine. Hotuba ikaendelea mpaka saa tano na robo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Sikudhani aliomba hotuba ya Waziri isiishe. Saa tano na nusu picha zikaiva. Saa sita kasoro dakika nne akawasilisha. Magazeti ya kesho yake yakaandika: SOKO LAFUNGULIWA, WANANCHI 48 WAHUDHURIA.

Wiki iliyofuata Jiji likatangaza mshindi. Alikuwa yeye. Kwa Mapande walipiga vigelegele mpaka mwenyekiti mstaafu akaamka.

Siku mbili baadaye ikaja barua. "Tunakupongeza kwa ushindi. Hata hivyo, kumbukumbu zinaonesha kuwa soko lako tayari limejengwa na kufunguliwa na Mheshimiwa Waziri. Jiji haliwezi kujenga soko moja mara mbili, kwani huo ni ubadhirifu." Na nyingine, kwa wafanyabiashara wote wa Kwa Mapande: "Mnatakiwa kuhamia soko jipya ifikapo Jumatatu. Eneo la zamani litakuwa maegesho ya magari ya Wizara."

Bi. Mwamvita akaja chuoni na barua yake imekunjwakunjwa. "Sikudhani, nina matenga matatu ya nyanya. Soko lako naingilia wapi?"

Sikudhani akaichukua ile barua, akaisoma mara mbili. Alijiona yeye ndiye aliyemfukuza mama yake sokoni kwa mkono wake mwenyewe, na aibu ikamchoma. Lakini alikuwa ameshakaa na zile sheria muda mrefu, akazijua kama nyumba aliyoichora. Akachukua kitabu cha kanuni, akakipitia ukurasa kwa ukurasa kwa kidole, mpaka kidole kikasimama. Akaanza kucheka.

"Unacheka nini, wewe? Mimi nafukuzwa, wewe unacheka?"

"Mama, waambie wenzako wafunge mizigo. Jumatatu asubuhi mnahamia. Tena kwa amri."

*

Jumatatu hiyo, MAMAMA ilipofungua tu milango, Sikudhani alisimama mbele ya Pazi na laptopu yake.

"Mheshimiwa, nimekuja kukabidhi. Kanuni ya themanini na mbili: jengo lililofunguliwa na Waziri ni mali ya taifa, na mashine yake itahifadhiwa makao makuu."

Pazi alipendezwa mno. Hakuna mwananchi aliyewahi kumsomea kanuni kwa hiari. Akaamuru iwekwe meza ya kioo katikati ya ukumbi wa marumaru, akaandika hati kwa mkono wake: "Soko jipya la Kwa Mapande limepokelewa na liko hapa, Ukumbi wa Makao Makuu." Saini. Muhuri. Akaongeza kwamba mjenzi ana ruhusa ya kuingia kila siku kuitunza na kuitumia, na Sikudhani akachomeka chaja.

Saa tatu wakafika. Akina mama mia na kumi, matenga vichwani, dagaa, vitunguu, ndizi, sufuria, na mmoja na kuku. Askari wa mlangoni akanyanyua mkono, Bi. Mwamvita akampa barua ya Jiji, na juu yake nakala ya hati. Askari akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akasimama kando na kupiga saluti.

Pazi akasikia kelele akashuka ngazi mbili mbili. "Nini hiki? Nani amewaruhusu?"

"Wewe, baba," akasema Bi. Mwamvita, anapanga nyanya mafungumafungu kwenye marumaru. "Saini si yako hii?"

Pazi akaitazama saini. Ilikuwa yake, tena nzuri. Akatoa futi kamba mfukoni, akakosa cha kupima.

Ndipo mawingu yakafunguka. Mvua ikashuka kwenye paa la makao makuu kwa kishindo, na ukumbi mzima ukanyamaza. Wanawake mia na kumi wakainua nyuso juu, mabega yamejikunja, wakisubiri. Wakasubiri. Halikuanguka hata tone moja. Mmoja akacheka kwa mbali, wa pili akadakia, na kicheko kikaenea mpaka kwenye ngazi alikosimama Pazi na futi kamba yake.

"Mheshimiwa, sogea," Bi. Mwamvita akamwita. "Nyanya hizi hapa. Kavu."